Mkono Mmoja Haulei Mwana: Darsa juu ya Ushari wa Watoto



Hapana mzazi katika mji huu ambaye hajapata kuletewa mashtaka ya mwanawe. Mara ni jirani amesimama mlangoni na mtoto anayetoka damu puani. Mara ni maalim ametuma salamu kwamba kijana amepigana tena chuoni. Mara ni mama mwenyewe anayelalamika kuwa mwanawe wa miaka mitatu anauma wenziwe. Wala hapana mtaa wa Mji wa Kale, tangu Kibokoni hadi Kuze na Mkanyageni, ambao wazee wake hawajakaa barazani usiku wakaulizana: "Watoto wa siku hizi wameingiliwa na nini?"

Suali hilo si la kupitishia wakati. Mwishoni mwa mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kuyapiga marufuku magenge karibu 90, na miongoni mwao yalikuwamo ya Mombasa. Vijana wa magenge kama hayo hawaletwi na jahazi kutoka ng'ambo. Wengi wao ni watoto waliozaliwa kwetu, wakafanyiwa akika kwetu, wakasomeshwa alifu na be katika vyuo vyetu. Tukingoja mpaka kijana ashike panga ndipo tuulize asili ya ukali wake, tutakuwa tumechelewa kwa miaka kumi na mitano.

Darsa letu la leo, basi, ni hili: ushari wa mtoto watoka wapi, ni kitu gani huuzidisha, na ni kitu gani huutuliza. Tutawasikiliza wataalamu wa elimu ya nafsi, ile iitwayo siku hizi saikolojia, khasa wale waitazamao nafsi ya mtoto inavyokua mwaka baada ya mwaka. Asiseme mtu kuwa hayo ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Elimu haina kabila. Na baadhi ya utafiti tutakaoutaja umefanywa papa hapa Kenya na kwa jirani zetu Tanzania. Tena tutaona kuwa sehemu kubwa ya maneno hayo ilikwisha semwa na wanavyuoni wetu karne nyingi zilizopita, nasi tukayaacha katika vitabu.

KWANZA: UKALI HUANZA WAPI

Watu wengi hudhani kuwa mtoto huzaliwa mpole, kisha hufunzwa kupiga na wenziwe wa njiani. Utafiti waonyesha mambo kwa namna nyengine. Mtaalamu Richard Tremblay na wenziwe, katika mji wa Montreal nchini Kanada, walianza mwaka 1984 kuwafuata wavulana 1,037 wa mitaa ya watu wanyonge, wakawatazama tangu skuli ya watoto wadogo hadi ujanani. Baadaye walirudi nyuma wakawatazama na watoto wachanga zaidi. Wakaona kuwa umri ambao binadamu hupiga, huuma na husukuma kuliko umri mwengine wowote ni baina ya miaka miwili na mine. Baada ya hapo watoto walio wengi hupungua ukali mwaka hata mwaka. Katika wale wavulana 1,037, waliobaki na ukali wa juu tangu udogo hadi ujana walikuwa kiasi cha 4 tu katika kila 100.

Tuizingatie maana yake. Kupiga huja kwenyewe, kama kulia kunavyokuja kwenyewe. Kinachotaka mwalimu ni kujizuia. Mtoto wa miaka miwili aliyenyang'anywa mchezo wake hana maneno ya kudai haki yake, hana subira ya kungoja zamu yake, wala hajatambua kuwa mwenziwe naye huumia. Ana mkono tu. Kazi ya mlezi ni kumpa yale matatu anayoyakosa: maneno, subira, na kuyajua maumivu ya mwenziwe. Akipewa, mkono hutulia. Asipopewa, hukua na mkono wake ule ule, illa sasa umekuwa mkubwa na waweza kushika kisu.

Hapa yataka tuongeze jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Si kila mtoto mgumu ni mtoto aliyelelewa vibaya. Mwaka 2017 watafiti wa Kilifi, mji wa jirani zetu wa kaskazini, wakiwamo Bwana Symon Kariuki na Profesa Amina Abubakar, walitoa khabari za watoto 3,273 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita. Waliona kuwa kiasi cha 13 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya tabia au ya moyo yaliyopita mpaka wa kawaida. Na katika mambo yaliyoandamana na matatizo hayo ni taabu zilizompata mtoto wakati wa kuzaliwa, na maradhi ya kifafa. Basi mtoto ambaye ukali wake umepita kiasi, tena haupungui kwa umri, apelekwe kwa daktari atazamwe kwanza. Ni dhuluma kumpiga mgonjwa kwa ugonjwa wake, na ni dhuluma pia kumzungusha kwa waganga kutafuta nani aliyempanda kichwani.

PILI: MTOTO HUSOMA KWA MACHO

Ijapokuwa kupiga huja kwenyewe, namna ya kupiga na ruhusa ya kupiga mtoto huzipata kwetu sisi wakubwa. Mwaka 1961 Albert Bandura, mtaalamu wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, alichukua watoto 72, nusu wavulana na nusu wasichana, wa umri baina ya miaka mitatu na sita. Baadhi yao aliwaonyesha mtu mzima akilipiga bandia kubwa la mpira kwa ngumi na nyundo, huku akitoa maneno ya ukali. Wengine waliona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa mtu. Kisha kila mtoto aliudhiwa kidogo kwa kuondolewa michezo mizuri, akaachwa penye bandia. Wale walioona kupigwa, walipiga. Tena walipiga kwa namna ile ile, na kwa maneno yale yale waliyoyasikia. Hapana aliyewaamrisha. Macho yao yaliwatosha.

Sasa tujitazame. Baba ampiga mwanawe mkubwa kwa kuwa amempiga mdogo wake. Kwa ulimi asema: usipige. Kwa mkono asema: mwenye nguvu humpiga mnyonge akiudhika. Mtoto amesomeshwa masomo mawili kwa wakati mmoja, na lile la mkono ndilo atakalolihifadhi. Vivyo hivyo yule anayemtukana mwendesha tuktuk mbele ya mwanawe, au anayemfokea mkewe penye chakula. Hakuna chuo kinachosomesha kwa bidii kama hicho.

Na khasara haiishii kwenye kuiga. Mwaka 1990 Kenneth Dodge na wenziwe wa Marekani walieleza khabari za watoto 309 waliowatazama tangu umri wa miaka minne. Waliona kuwa watoto waliodhuriwa kwa kupigwa nyumbani huingia skuli na ada fulani ya fikira: jambo lisilo wazi hulichukua kwa ubaya. Tupige mfano wa huku kwetu. Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, na mtoto mmoja akimbia akampiga mwenziwe kikumbo, chai ikamwagika. Mtoto aliyelelewa kwa utulivu hudhani kuwa ni bahati mbaya, akanung'unika akapita zake. Mtoto aliyezoea kupigwa hudhani kuwa amekusudiwa, akarudisha ngumi. Huyu wa pili hana roho mbaya. Ameishi katika nyumba ambayo mkono ukinyanyuliwa huwa ni wa kumpiga, basi amejifunza kujihami kabla hajajua kama ana adui. Sisi twamwita mshari. Kwa hakika ni mtoto mwenye khofu.

TATU: MANENO JUU YA FIMBO

Hapa ndipo baadhi ya wasomaji wetu watakapokunja uso. Watatuambia: wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, na methali hiyo ni ya hekima. Lakini imesema usichelee kulia kwake, haikusema umpige. Mtoto hulia akinyimwa simu, hulia akiamshwa alfajiri, hulia akiambiwa arudishe kitu cha watu. Mzazi asimame imara juu ya yote hayo, na mtoto alie mpaka anyamaze. Uimara ni jambo moja na ukali ni jambo jengine, nasi tumeyachanganya kwa muda mrefu.

Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenziwe walitoa utafiti walioufanya Tanzania katika skuli moja ya msingi, kwa watoto 409 wa kiasi cha miaka kumi. Watoto 95 katika kila 100 walikuwa wamepata kupigwa kwa ajili ya kutiwa adabu, na kiasi cha robo yao walipata kupigwa hata wakaumia. Na watafiti waliona kuwa kadiri mtoto alivyopigwa zaidi, ndivyo mambo ya ugomvi na utundu yalivyozidi kwake, na ndivyo wema wake kwa wenziwe ulivyopungua. Miaka miwili baadaye, 2016, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor wa Marekani walikusanya tafiti 75 za watoto zaidi ya 160,000, wakaona mambo yakielekea huko huko, hata kwa yale mapigo ya mkono ambayo watu huyaita mepesi.

Atasema mwenye kujadili: labda mtoto mtundu ndiye apigwaye zaidi, wala si fimbo iliyomfanya mtundu. Neno hili lina haki yake, na wataalamu wenyewe hulikubali. Mambo haya mawili huvutana, hili likalizidisha lile. Lakini dawa hupimwa kwa mgonjwa. Lau fimbo ingekuwa ni dawa ya ushari, wale wanywao dawa hiyo zaidi wangekuwa ndio wapole wa mji. Jee, ndivyo tuonavyo?

Na tusidhani kuwa jambo hili ni la nyumba chache. Uchunguzi wa Kenya nzima wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 juu ya utoto wao. Katika kila wanaume 100, 73 walisema walipigwa au kudhuriwa mwilini kabla ya kutimia miaka 18. Na katika kila wanawake 100, 66. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2019 ulikuta hisabu hizo zimeshuka hadi kiasi cha 52 kwa wanaume na 39 kwa wanawake. Kushuka huko kwatufunza kuwa ada hii yaweza kubadilika, tena katika muda mchache. Sheria nayo imekwisha sema neno lake: fimbo ilikatazwa katika skuli za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu chake cha 29 imemkinga kila mtu na adhabu ya viboko.

Lakini sisi hatungoji Katiba ili tujue ubaya wa jambo hili. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika Mukaddima yake mwaka 1377, ameweka mlango mzima kueleza kuwa ukali katika kusomesha huwadhuru wanafunzi, khasa wadogo. Amebainisha kuwa mtoto aliyelelewa kwa kutenzwa nguvu huondokewa na uchangamfu, huingia uvivu, na hujifunza uwongo na hila kwa kuikimbia mikono ya watu, mpaka hila ikawa ndiyo tabia yake. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 500 kabla ya hao wa Stanford. Na kabla yake, sote twaijua khabari ya Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa miaka kumi tangu utoto wake, akashuhudia kuwa hakupata kuambiwa hata neno la kuguna.

Wapo watakaoileta amri ya sala na umri wa miaka kumi. Wanavyuoni wameieleza kwa masharti mazito: isiwe kwa hasira, isidhuru, isiwe usoni. Nasi tuongeze hisabu moja. Baina ya miaka saba na kumi kuna miaka mitatu ya kuamrisha kwa ulimi, sala tano kila siku. Yaani mara zaidi ya 5,000. Mzazi aliyekwisha mwita mwanawe kwa upole mara 5,000, tena akasimama naye safuni, atakuwa na haja gani ya fimbo? Na yule ambaye hakumwita hata mara 50, ana haki gani ya kuianzia hiyo?

Mwandishi wa maneno haya haandiki kama mtu aliyesalimika. Alikuwa na bakora nyuma ya mlango kwa miaka mingi, na akijiona kuwa ni baba mwema. Siku moja alimkuta mwanawe wa miaka mitano amemkalisha mdogo wake chini, amekunja uso sawasawa na babake, ana ufagio mkononi, anamwambia: "Nyoosha mkono." Bakora hiyo haikurudi tena nyuma ya mlango.

NNE: "MBONA SISI TULIPIGWA, TUKAWA WATU?"

Hili ndilo neno lisemwalo barazani kila mazungumzo haya yakianza, nalo linataka jawabu ya adabu, kwa kuwa wasemao ni wakweli. Walipigwa, na wamekuwa watu. Lakini jee, ni fimbo iliyowafanya watu?

Tuvuke bahari kidogo, twende kisiwa kingine. Katika kisiwa cha Kauai, katika bahari kubwa ya Pasifiki, mtaalamu Emmy Werner na wenziwe waliwaandika watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata hadi walipotimia miaka 40. Kiasi cha thuluthi moja walizaliwa katika dhiki nyingi kwa pamoja: umasikini, taabu za uzazi, wazazi wagomvi, walevi au wagonjwa wa akili. Wengi katika hao waliharibikiwa njiani. Lakini mmoja katika kila watatu wa hao wenye dhiki alikua akawa mtu mzima mwema, mwenye kujitegemea na mwenye huruma. Werner akauliza: waliokoka kwa nini?

Majawabu yake yangeweza kuandikwa na ajuza yeyote wa Mji wa Kale. Kila mmoja katika waliookoka alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemkubali na kumshikilia: bibi, shangazi, ndugu mkubwa, jirani, mwalimu, au mzee wa jamaa yao ya ibada. Walikuwa na kazi za nyumbani walizotegemewa kuzifanya. Na walikuwa na pa kukimbilia mambo yalipochafuka nyumbani. Wataalamu huita jambo hili msaada wa watu. Sisi twalijua kwa jina kongwe zaidi: mkono mmoja haulei mwana.

Sasa na turudi barazani. Ewe mzee uliyepigwa ukawa mtu, hebu kumbuka. Ulipokuwa ukipigwa, ulikimbilia wapi? Ulikimbilia kwa bibi yako, akakuficha nyuma ya leso yake akamwambia babako, "Basi, yatosha." Ulikwenda kwa mjomba, ukala ukalala huko siku mbili. Ulipopita njiani kila mlango ulikuwa na mtu anayelijua jina lako na jina la babu yako. Ukikosa aliambiwa mamako kabla hujafika nyumbani, na ukiwa na njaa ulipewa sahani. Ami alikupeleka baharini kuvua, na fundi alikukalisha kando ya kazi yake. Hao ndio waliokufanya mtu. Fimbo ilikuwa moja na mikono ya kukushika ilikuwa ishirini. Nawe leo waisifu ile fimbo na kuisahau mikono.

Khatari ya zama zetu ni hapo. Fimbo tumeirithi, mikono tumeipunguza. Jamaa nyingi zimehama kisiwani kwenda Kisauni, Likoni na mbali zaidi, bibi akabaki peke yake ghorofani. Baba yuko Ghuba au yuko safarini, mama yuko kazini hata magharibi. Wapangaji wa jengo moja hawajuani majina. Mtoto wa jirani akikosa twaogopa kusema, tusije tukaambiwa, "Mwanangu wakuhusu nini?" Basi mtoto yule mwenye dhiki hupigwa kama tulivyopigwa sisi, illa hana pa kukimbilia. Na hapo pembeni ya njia wako watu watakaomwita kwa jina lake, watakaomlisha, watakaomwambia, "Wewe ni ndugu yetu, hapana atakayekugusa." Genge humpa kijana kile kile alichokuwa akipewa na mtaa. Tusistaajabu akilipenda.

Tutoe na kisa tulichokiona kwa macho yetu, bila ya kutaja jina wala mtaa. Alikuwako mtoto wa miaka kumi hivi, babake hayuko, mamake mtafutaji. Kila siku alikuwa akipigana. Chuo kimoja kilimfukuza, na cha pili kikamfukuza. Akabaki akizurura alasiri na wenziwe wawili. Mzee mmoja muuza kahawa alimwita akamwambia, "Mjukuu wangu, hebu nioshee vikombe." Mtoto akaosha. Kesho yake akaitwa tena. Ikawa ni ada: kila alasiri akichukua ndoo ya maji na vikombe, akikaa kando ya dele akisikiliza mazungumzo ya watu wazima, na baada ya Isha mzee akimfikisha mlangoni kwao. Mzee huyo hakumpiga, wala hakumpa mawaidha marefu. Siku moja mtoto alipopigana akachelewa, alimwambia tu: "Leo umeniacha peke yangu na vikombe vyangu." Mtoto alilia. Hatusemi kuwa amekuwa walii. Hata leo hasira zake ni za karibu. Lakini ni fundi seremala, ana mke na mtoto, na akikasirika hutoka nje akazunguka mtaa mpaka zimshuke, kama alivyofunzwa na yule mzee. Wale wenziwe wawili, mmoja yuko gerezani na mwengine yuko makaburini.

TANO: MVULANA NA KAZI ZA NYUMBANI

Limebaki jambo moja ambalo kwetu ni zito, kwa kuwa lagusa ada. Mwaka 1973 Carol Ember, mtaalamu wa Marekani, alitoa utafiti alioufanya huku Kenya magharibi, miongoni mwa Wajaluo wa Nyanza ya Kusini. Katika baadhi ya nyumba huko wasichana walikuwa wachache, na akina mama wakawapa wavulana kazi ambazo kwa ada ni za wasichana: kuteka maji, kupika, kuwashika watoto wachanga. Ember akawatazama wavulana hao wakiwa kazini na wakiwa michezoni. Akaona kuwa wale waliofanya kazi za ndani zaidi walikuwa na ukali mchache kuliko wavulana wenziwao, hata saa ambazo hawana kazi. Katika utafiti mwengine wa miji na vijiji sita duniani, kikiwamo kijiji cha Nyansongo katika nchi ya Kisii, Beatrice Whiting na John Whiting walieleza mwaka 1975 kuwa watoto wenye kupewa kazi za kweli na kulea wadogo zao huwa wepesi wa kusaidia na kuhurumia.

Sababu yake si siri. Mtoto anayemlisha mdogo wake hana budi kujifunza kungoja, kubembeleza, na kujua kwa nini mwenziwe analia. Ndiyo yale matatu tuliyoyataja mwanzo: maneno, subira, na kuyajua maumivu ya mwengine. Nasi twafanyaje? Binti twamwita jikoni, mvulana twamwambia, "Toka nje, usikae na wanawake." Twamtoa nyumbani penye mafunzo ya upole, twampeleka njiani penye mafunzo ya ngumi, kisha twauliza mbona binti ana utu na mvulana hana. Na Mtume wetu mwenyewe alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Mvulana aoshe sahani, ambebe mdogo wake, amteleke bibi yake chai. Hatapungukiwa na kitu katika uanaume wake.

SITA: LA KUFANYA

Yote tuliyoyasema twaweza kuyakusanya katika mambo matano.

1. Mtoto mdogo akipiga, ushikwe mkono wake kwa utulivu, apewe maneno ya kusema, aonyeshwe mwenziwe aliyemuumiza, na akafanye la kumtengenezea.

2. Mzazi akighadhibika, anyamaze kwanza. Aliyesimama akae, aliyekaa aondoke, atie udhu. Adhabu iliyotolewa ndani ya ghadhabu humfariji mtoaji, haimfunzi mpewaji.

3. Adabu iwe ni kunyimwa kitu akipendacho, au kulipa alichoharibu, tena ijulikane mapema na isigeuke kila siku.

4. Chuo kisimfukuze mtoto mshari kabla maalim hajajua anakaa na nani na analala wapi. Mtoto aliyefukuzwa na kila mlango hufunguliwa na mlango mmoja tu, nao twaujua.

5. Kila mmoja wetu amchague mtoto mmoja wa mtaani asiyekuwa na mtu, mpwa, mwana wa jirani, au yatima, awe na saa moja naye kila juma. Mzee wa kahawa hakuwa na mali wala shahada, na neno alilomwambia mtoto siku ya kwanza lilikuwa ni kumwomba msaada.

MASUALI YA DARSA

Wenye kukutana kwa kusoma wazungumze haya kabla ya darsa lijalo. Ni nani aliyekuwa pa kukimbilia kwako ulipokuwa mdogo, na alifanya nini khasa? Katika mtaa wako leo, ni mtoto gani ambaye akipigwa usiku hana mlango wa kugonga? Na mlango wako wewe, watoto wa jirani wanauona kuwa ni wa kugongwa, au ni wa kukimbiwa?

Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe upole pamoja na uimara, atuhifadhie watoto wetu, na atufanye kuwa miongoni mwa ile mikono yenye kulea. Amin.